Kiti cha Nyuma

Olvido hukaa mbele, mimi nyuma.
Baiskeli moja, pedali jozi mbili,
mnyororo mrefu kama ulimi wa jirani yetu Etelvina.
Olvido: kwa lugha yetu maana yake Usahaulifu,
na tangu tuoane hajasahau kitu.
Hugonga usukani kwa pete yake:
mara moja, breki,
mara mbili, twende,
mara tatu, ng'ombe.

Barabara kuu tumewaachia wenye malori.
Huko nilikuwa kipofu mara mbili.
Macho yalichukuliwa na sukari, polepole,
kama mdai asiye na haraka,
halafu magari yakaja kuchukua masikio.
Kila lori lilipopita liliifuta dunia,
nikabaki nimeng'ang'ania usukani usiogeuka.

Hapa, kwenye tuta la reli ya makaa,
hapapiti chenye moshi.
Vyuma vilishang'olewa, vikauzwa kwa kilo.
Mataruma yamekuwa nguzo za mazizi.
Kilichobaki ni mwinamo,
ule mwinamo mpole waliouchonga babu zetu ubavuni mwa mlima
ili mabehewa yaliyojaa yateremke yenyewe
na matupu yapande kwa nyumbu, bila matusi mengi.

Mto uko kulia. Goti langu la kulia ndilo lenye baridi.
Kushoto mwamba: sauti ya matairi hurudi upesi, kavu,
kama mtu anayenijibu sijamaliza kuuliza.
Penye korongo hairudi.
Kastanya hupasuka chini ya gurudumu, pa, pa,
nami najua ni Oktoba
na kwamba Olvido amezilenga makusudi.

Handaki la kwanza lina urefu wa pumzi nne.
La pili hudondosha tone shingoni,
pale pale, tangu nikiwa mtoto.
La tatu limejipinda, taa yetu ni ndogo,
na humo Olvido hunyamaza,
kwa kuwa humo, kwa dakika moja,
tunaona sawasawa.

Baba alikuwa mshika breki wa behewa la mwisho.
Naye alikaa nyuma.
Mbele yake moshi mtupu. Bonde hili alilijua kwa pua:
hapa tanuri la mikate, hapa ngozi zinalowekwa,
hapa mama yangu anachoma majani, kaza.

Kwenye stesheni ya zamani Benilde huuza pombe ya matufaha.
Huimimina kutoka juu, mkono umenyooka,
nami huhesabu kimo cha mkono wake kwa mlio wa bilauri.
Jana walikuwapo Wajerumani wawili, mikoba minne kila baiskeli,
wakauliza kama njia ina vilima.
"Vilima viko kote," akasema Olvido, "ila njia haijavigusa."

Imevigusa kimoja. Mita mia nane za mwisho,
kutoka mtoni hadi mlangoni kwetu,
ambako hakuna treni iliyowahi kuthubutu.
Miaka kumi na moja tunagombana hapo:
"Sukuma."
"Nasukuma."
"Husukumi, nakusikia unawaza."
Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.
Hawakuwahi kuketi nyuma ya mke wangu.

Wiki tatu zilizopita akagonga mara moja
mahali pasipo geti wala ng'ombe.
Tukasimama. Mguu wake ukatafuta ardhi.
"Nauangalia mto," akasema.
Nikasikiliza.
Mto hauangaliwi kwa pumzi ile.

Sikumuuliza. Aliyekaa nyuma ana siri moja tu:
wa mbele hajui nani anabeba nani.
Tangu siku hiyo, tukiacha daraja,
naanza mapema, kabla hajaanza kuhema,
nakanyaga kwa miguu yangu na kwa yake,
taratibu, mnyororo usije ukanichongea.

"Upepo umegeuka," anasema. "Siku hizi unatoka nyuma."
"Umegeuka," namjibu,
jasho likiniingia machoni,
na macho, angalau, yamepata kazi.